Funza Bora kwa Watoto

Mzee Pumba alikuwa fundi wa jambo moja tu duniani, nalo ni kumnenepesha nguruwe. Mengine aliyajaribu yakamshinda, yakiwemo uashi, useremala na kuimba kwaya. Lakini mpe kitoto cha nguruwe kilichotoka mbavu, baada ya miezi kadhaa atakurudishia mnyama aliyeviringana kama pipa, anayetembea kwa kujihurumia.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Alikuwa na mkokoteni na mapipa mawili, na kila alasiri alipita kwenye bweni la wauguzi na kwenye kantini ya kiwanda cha nguo kuchukua makombo: ukoko, maharage yaliyoungua, vichwa vya samaki. Wapishi walimjua, walimtania, walimwekea. Akifika nyumbani humkuta mkewe, Mama Pacha, keshawasha moto, wakachemsha mapipa yao pamoja, mama akikoroga kwa mwiko uliomzidi kimo. Kisha kiwanda kikafungwa. Bweni likaanza kupika kwa kupimia vikombe. Watu wakajifunza kutobakiza, na mtu asiyebakiza hana jirani. Dagaa waliopimwa kwa debe wakapimwa kwa kikombe, na mashudu ya soya yakapanda bei mpaka ikawa aibu kumpa mnyama. Nguruwe wakabaki na pumba tupu, ambayo hujaza tumbo lakini haijengi nyama. Wakarefuka pua, wakapungua mapaja.

Ndipo bwana mifugo akaja na habari ya funza.

"Mzee wangu, protini si lazima iwe samaki," alisema, akiwa hajashuka kwenye pikipiki. "Kuna nzi mmoja mweusi, mrefu, hana maneno na mtu. Haumi, wala hatui kwenye chai. Mwekee maganda na mabaki ya sokoni, atataga. Utapata funza wanono. Wakaushe, wasage, changanya na pumba. Hawa nguruwe wako watasahau kama kuna kitu kinaitwa dagaa."

"Yaani nifuge funza ili nifuge nguruwe?"

"Ndiyo maendeleo."

"Na funza nao nitawalisha nini?"

"Taka."

"Na taka zikiisha?"

Bwana mifugo akatazama barabara, mfereji na uwanja wa jirani. "Mzee wangu, hizo haziishi."

Hapo alisema kweli. Mzee Pumba akaigeuza stoo yake kuwa makao ya funza, beseni juu ya beseni. Nguruwe walipoonja chakula kipya walipigana vikumbo mpaka kihori kikapinduka. Haukupita muda wakaanza kuviringana tena, na mzee akarudia kupiga mluzi.

Mama Pacha hakupiga mluzi. Alivumilia harufu, akavumilia majirani, mpaka asubuhi moja alipoingiza mguu kwenye kiatu chake cha kanisani akakuta kuna wenyeji. Alikivua taratibu, akakikung'uta mlangoni, akaanza kufunga mzigo.

"Baba Pacha, ulinioa ukiwa na nguruwe, nikanyamaza," alisema. "Watu wameziba pua nikipita njiani, nikanyamaza. Lakini mke wa mfuga funza, hapana. Siku ukipata kazi inayotajika mbele za watu, uniite."

Akaenda kukaa kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji. Watoto wao pacha walikuwa wameshaoa na kuhama, kwa hiyo mzee alibaki na sauti yake mwenyewe. Alikuwa akirudi na ndoo anaita, "Mama Pacha, nimefika," halafu anakumbuka. Chai aliipika ikawa maji ya kuoshea vikombe. Kazi inayotajika mbele za watu angeitoa wapi, katika umri ule, na kwaya ilishamkataa?

Funza nao walizidi kuongezeka. Wakawa wengi kuliko nguruwe walivyoweza kula, hivyo akaona awauzie wafugaji wengine, hasa wenye vitoto vilivyoachishwa kunyonya. Akamwendea mchora vibao, kijana aliyejaa rangi mpaka kwenye kope, akampa maneno: FUNZA BORA KWA WATOTO WA NGURUWE.

Kibao kilipokamilika, mzee alikitazama sana.

"Mbona kimeishia kwenye watoto?"

"Mbao iliisha, mzee."

"Na nguruwe wangu wako wapi?"

"Geuza." Mchora vibao akakigeuza. Nyuma kulikuwa na WA NGURUWE, kwa herufi nzuri zilizotiwa kivuli. "Wanaoenda watasoma mbele, wanaorudi watasoma nyuma. Hapo umepata kibao cha njia mbili kwa kazi ya kimoja."

Zamani fundi alikuwa akipima mbao kabla ya kushika brashi. Lakini mzee alikuwa amechoka kubishana na watu waliozaliwa jana. Akakipigilia kibao kwenye uzio, nyuma ikagusana na mabati, na wale nguruwe wa maandishi wakafichika kabisa.

Kesho yake asubuhi akaja mwanamke muuza mkaa na watoto wawili walionawishwa mpaka masikioni.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Ila mwalimu hayupo hapa."

"Tutamngoja."

"Hapa kuna funza tu, mama."

"Si ndicho kilichonileta? Kule wanakosoma hawafunzwi kitu. Wanaimba tu."

"Funza wa nguruwe, mama!"

"Usione haya kusema, baba. Huyu mkubwa kweli ni nguruwe, hata kitanda hatandiki. Mfunze. Na fimbo nakuruhusu."

Akaondoka na gunia lake kichwani, watoto akawaacha hapohapo.

Nyuma yake akaja fundi viatu na binti zake. Mzee akaona maneno hayatoshi. Akaingia stoo, akatoka na beseni, akamwekea fundi chini ya pua.

"Tazama mwenyewe. Funza ndio hawa."

Fundi viatu akainama, akawatazama wakijinyonganyonga, akanyoosha mgongo uso umemng'aa. "Kwa vitendo!" akasema. "Wenzako wanachora ubaoni, wewe unaleta kitu chenyewe. Na mnatumia Kiingereza?"

"Nguruwe hawaelewi Kiingereza, bwana."

"Ha! Mwalimu una utani. Hata sisi wengi hatukielewi, lakini watoto lazima."

Kulikuwa na wakati mtoto alifunzwa na shangazi, na babu, na jirani mwenye kiboko asiyejua hata jina lake. Mzazi alikuwa akimchunguza mtu ukoo wake na ulimi wake kabla ya kumwachia mwana. Sasa shangazi yuko mbali, babu haulizwi, na mtoto hukabidhiwa kibao. Siku chache tu uwanja wa Mzee Pumba ukajaa. Aliwaambia wazazi ukweli mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Alipolia, "Mimi nafuga funza!" wao wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu, funza!" Neno lilikuwa moja, nao walikuwa wamelishika kwa upande wa pili.

Kwa kuwa hakutaka kula cha mtu, alikataa ada. Akasema kila mtoto aje na maganda ya nyumbani kwao. Hilo ndilo lililowamaliza wazazi. Shule isiyotaka pesa, walisema, lazima ina siri kubwa. Watoto wakawa wanageuza maganda, wanachekecha funza, wanasugua vihori, na walifurahi kuliko walivyowahi kufurahi. Nguruwe nao walinenepa kwa maganda ya mji mzima.

Hata hivyo mzee hakulala vizuri. Asubuhi moja akachukua nyundo kwenda kung'oa kibao, yaishe. Alikuwa ameshafika kwenye uzio shemeji yake, yule mdogo wa Mama Pacha, alipotokea akihema.

"Shemeji! Kumbe mwalimu! Na hukusema!"

"Shemeji, nisikilize..."

"Dada amesikia sokoni. Amefurahi mpaka amelia. Anasema mume wake amekuwa mtu wa kutajwa. Jumamosi anarudi. Na amesema utafute tai."

Mzee Pumba akaitazama nyundo, akaitazama barabara atakayojia mkewe. Akaiweka nyundo chini.

Jumamosi Mama Pacha alikuja na gauni jipya, mdogo wake, na wanawake kadhaa wa kumsindikiza, akiwemo mwenye duka mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa hajibu salamu yake. Wazazi walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wao. Wakapiga makofi. "Karibu, mama mwalimu!" Mama Pacha akapita katikati yao shingo imenyooka, mpaka upepo ulipogeuka. Hapo akasimama. Akamshika mumewe tai, akamvuta mpaka nyuma ya banda.

"Baba Pacha, nanusa nini?"

"Unanusa unachokijua."

"Shule iko wapi?"

"Haipo. Nilitaka kuuza funza, watu wakasoma vingine."

"Si uwaambie?"

"Koo limenikauka kwa kuwaambia. Nikisema funza, wanasema nifunze."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia, ungerudi?"

Mama Pacha akakunja pindo la gauni lake kwa vidole. "Nimemwambia kila mtu. Sokoni, kanisani, hata kwa yule mwenye duka. Juzi kanisalimia, Baba Pacha. Kanisalimia yeye kwanza."

"Basi naenda kukitoa kibao. Nitasema wewe ulidanganywa, kosa ni langu."

"Na mimi nirudi kule nikiwa nani?"

Fundi viatu akachungulia kwenye kona ya banda. "Mwalimu, mkutano unakuhitaji."

Mkutano ulikuwa umeshaamua. Watoto hawawezi kukaa juani. Darasa linatakiwa, na katika uwanja ule jengo lenye sakafu ya saruji, mabati mapya, madirisha na mfereji wa maji ni moja tu: banda la nguruwe. Mzee alilijenga kwa miaka ya neema, vizuri kuliko alivyoijenga nyumba, ambayo ilikuwa imeegemea upande mmoja kama mlevi.

"Na nguruwe?" akauliza Mzee Pumba.

"Wahamie kwenye nyumba," akasema muuza mkaa. "Kwa muda tu, mwalimu."

"Na sisi?"

Watu wote wakageuka kuitazama stoo. Kisha wakageuka kumtazama Mama Pacha. Mzee aliangalia ardhi. Alijua sasa mkewe ataokota mzigo wake, na safari hii hakuna shemeji atakayeleta habari.

Mama Pacha akaitazama stoo ya funza. Akamtazama mwenye duka, aliyekuwa akisubiri jibu mdomo wazi.

"Stoo inatutosha," akasema. "Sisi walimu hatuna makuu."

Wakapigiwa makofi mara ya pili. Nguruwe wakahamishwa mchana uleule. Jike kubwa liligoma mlangoni, likasukumwa na wazazi wanne, lakini lilipokiona kitanda likalala bila kubembelezwa. Banda likamwagiwa maji, na Mama Pacha, aliyekuwa na mwandiko mzuri tangu usichana, akachukua kipande cha mkaa akawaandikia watoto irabu ukutani. Wakamfuata kwa sauti moja: a, e, i, o, u. Walisoma kweli. Mzee aliwasikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo, asijue acheke au aombe msamaha kwa mtu.

Jioni watu walipotawanyika, wakabaki wawili ndani ya stoo, amekaa kila mmoja juu ya gunia la pumba, mabeseni yamewazunguka. Kulikuwa na mchakacho mdogo kila upande, kama mvua ya rasharasha juu ya majani.

"Hicho nini?" akauliza Mama Pacha.

"Wanakula."

"Wanakula saa zote?"

"Hawana ratiba."

Akapandisha miguu juu ya gunia, akaisikiliza mvua ile. Kisha akamtazama mumewe, jinsi tai ilivyomlegea kwenye shingo iliyopungua.

"Na wewe je? Umekula?"

Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu mkewe alipoondoka.

"Bado," akasema Mzee Pumba.

Mama Pacha akashuka gunia, akavuka uwanja kwa hasira yake ya zamani, akaingia nyumbani. Kutoka stoo mzee alisikia sufuria zikigongana, halafu sauti ya mkewe ikipanda juu ya mkoromo wa jike kubwa:

"Pisha, bibi wee! Chumba umechukua, jiko ni langu!"