Gitaa Lililomfunika Ekai

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ile tulipoingia studio Nairobi, mimi na kaka yangu Ekai. Miaka ya themanini ilikuwa bado michanga. Tulitoka mtaani kwetu Bulla Pesa, kule kaskazini, kwa lori la ng'ombe, yeye amekumbatia gitaa, mimi gitaa la besi. Ekai alipenda roki nzito, hiyo mnayoiita metali, gitaa linalonguruma mpaka kifua kitetemeke. Wimbo ulikuwa wa baba yetu, aliyekufa kwenye ukame akifuata mifugo. Ekai aliutunga, na Ekai aliuimba.

Fundi wa mitambo alitusikiliza kidogo, akasema, "Kijana, punguza huo mkwaruzo wa gitaa. Na huo mvumo wa chini, achia besi."

"Unataka gitaa ya kwaya?" Ekai akamjibu, akazungusha kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho.

Nikamwambia, "Kaka, maneno hayatasikika."

"Wewe piga besi yako."

Ile methali ya sikio la kufa siitumii hapa. Huyu ni ndugu yangu.

Tuliporudi nyumbani tukamchezea mama kanda. Akainamia redio, akatega sikio.

"Hii ni lori inapanda mlima ama ni mtoto wangu? Baba yenu mmemtaja wapi?"

Ekai alicheka, lakini uso ulimsawijika. Stesheni za redio tulizopelekea kanda hazikuicheza. Akaliweka gitaa, akaanza kupakia mizigo kwenye malori ya kwenda Merti. Siku ya mvua moja kubwa, njiani karibu na Korbesa, lori lilipinduka naye. Tulimzika akiwa bado kijana.

Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipoanza. Jioni mama alikuwa akiniambia, "Niwekee Ekai." Nilimwekea. Gitaa linanguruma, na nyuma yake sauti ya mtoto wake, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika. Mama ananishika mkono: "Hapo anasema nini?" Namwambia. Tena: "Na hapo?" Mwishowe nikawa naimba mimi, na kanda inanguruma.

Miaka ikapita, nikaurekodi wimbo ule upya na vijana wengine, mimi nikiimba, kwa njia aliyoikataa Ekai. Gitaa lilitoka zito, na kila uzi ulisikika. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimesikia maneno yote," akasema. "Lakini huyu si Ekai."

Hakuniomba kanda yoyote tena.

Basi mwanangu, wewe uliyenunua gitaa juzi, nisikilize. Kelele si uzito. Punguza mkwaruzo mpaka uone umepunguza kupita kiasi, maana chumbani masikio hudanganya. Kipande kile kile kipige mara mbili, kimoja kiende sikio la kulia, kingine la kushoto. Uzito hutoka hapo, mapigo ya mara zote mbili yakiwa yamelingana. Mvumo wa chini mwachie mwenye besi. Maikrofoni isogeze kando kidogo ya kitovu cha spika, sauti isichome. Kisha peleka kanda kwenye redio mbovu ya jirani. Maneno yasiposikika, rudi ukaanze upya. Na anayekuambia hivyo usimwone adui. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wakati mwingine guu linalovunjika ni la mama yake.

Mungu akupe subira ya kusikiliza kabla ya kupiga. Sauti yako iwafikie wanaokupenda ungali hai, na wakiisikia, waijue kuwa ni yako.