Tulioimba Kwenye Maiki Moja

Wewe uliyeketi kwenye benchi hili ukingoja jina lako liitwe, nisamehe kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane na naandika polepole. Herufi nilizokosea, sista wa hospitali hii amesema niziache hivyo hivyo mradi unaelewa. Yeye ndiye aliyenipa daftari hili. Kuongea mbele za watu siwezi. Wengi hushangaa, kwa sababu mimi ni kiongozi wa bendi. Lakini kuimba si kuongea. Ukiimba, maneno yapo tayari.

Naitwa Ouma. Bendi ilikuwa ya mjomba wangu, mjini Migori. Alipookoka akawa Msabato, alinikabidhi gitaa akasema, "Chukua. Mimi mkono huu sasa ni wa kushika Biblia." Nilikuwa na miaka ishirini. Tulipiga benga Ogwedhi siku za soko la ng'ombe, harusi Ntimaru, matanga mpaka Magunga. Maiki ilikuwa moja tu. Kwa hiyo mimi na binamu yangu Odhiambo, sauti ya pili, tuliimba shavu karibu liguse shavu. Watu walipenda hivyo. Walisema sauti zetu zinatoka kwenye koo moja.

Ugonjwa ulianza kwa sauti kukwaruza. Nilidhani ni vumbi la Ogwedhi na moshi wa jenereta. Mpiga besi wetu, Owuor, alinicheka. "Bosi, leo umemeza chura?" Tukacheka wote, hata mimi. Nilikunywa mayai mabichi kila asubuhi, kama waimbaji wanavyofanya. Mama alinichemshia tangawizi na ndimu. Sauti ikazidi kuzama. Na kadiri ilivyopungua ndivyo nilivyosogea karibu na maiki ili nisikike, mpaka chuma chake kikaloa mate yangu.

Halafu likaja jasho. Nikilala, godoro linalowa. Mkanda wangu ukataka tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari, kisha nikatoboa la pili. Kumeza ugali kukawa kama kumeza kaa la moto. Nilikuwa nakohoa nyuma ya spika ili wasinione. Wakati ule mtu akikonda na kukohoa, watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake, na likishatajwa hakuna atakayeita bendi yako kwenye harusi yake. Niliogopa jina hilo kuliko kufa.

Odhiambo naye akaanza kugeuza uso tukiimba. Kiitikio kikifika, anaangalia pembeni. Niliumia. Nikajua ameshanishuku, anaona kinyaa. Sikumwuliza.

Siku moja Magunga, matangani, nilifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Kisha kikohozi, na doa jekundu kwenye maiki. Nikalifuta haraka kwa mkono wa shati. Odhiambo aliliona. Alimaliza wimbo peke yake.

Kesho yake sikurudi Migori na wenzangu. Nilikuja hapa Homa Bay. Nilitema makohozi kwenye vikopo vitatu, nikapigwa picha ya kifua, na daktari akaniingizia kooni kioo kidogo chenye mkono mrefu.

"Ni kifua kikuu, kijana. Kimepanda mpaka kooni. Kinatibika. Lakini ungekaa mwezi mwingine..."

Sista aliniuliza, "Unalala na nani?"

"Peke yangu," nilinong'ona.

"Unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Basi nani mwingine anavuta pumzi yako? Ugonjwa huu unasafiri kwa pumzi."

Nilitaka kusema hakuna. Ndipo nikaiona ile maiki. Nililia bila sauti.

"Huyo unayemlilia, mwite apimwe," alisema.

Nililazwa. Sindano kila siku, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka sikuweza kukaa. Vidonge viligeuza mkojo wangu ukawa kama soda ya machungwa. Nilikatazwa kuongea, hata kunong'ona. Lakini yote hayo hayakunitisha kama kumwambia Odhiambo. Kila siku nilisema kesho nitamwandikia. Nilianza barua nne. "Ndugu Odhiambo, natumaini hujambo." Hapo kalamu inasimama. Utamwambiaje mtu kwamba umemwimbia kifo usoni? Siku kumi na mbili zikapita hivyo. Siku hizo naziogopa mpaka leo.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Mama alikuwa amemwambia nilipolazwa. Alisimama kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi shati lilivyomning'inia. Nilichukua karatasi nikaandika, "Ni TB. Nimekuambukiza. Nisamehe."

Aliisoma, akaketi.

"Omera," alisema, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita ndugu, "mimi nakohoa tangu kabla ya mvua. Unafikiri kwa nini nilikuwa nageuza uso? Nilikuwa nakukinga wewe."

Tulitazamana.

"Sasa nani amempa nani?" aliuliza.

Sista alikuwa anapita na trei yake. "Hiyo si hesabu ya hospitali," alisema. "Wewe mrefu, shika kikopo hiki. Nenda pale nje ukateme."

Makohozi yake yalikuwa na ugonjwa. Walimpa kitanda cha tatu kutoka changu.

Tulimeza dawa miezi minane. Mwezi wa nne Odhiambo alinona akataka kuacha, na sista alimgombeza mbele ya wodi nzima mpaka akameza. Mungu ambariki mama huyo. Sauti yangu ilirudi, ila imeshuka. Sasa Odhiambo anaimba ya kwanza, mimi ya pili, na Owuor anasema afadhali hivyo.

Namshukuru Mungu na mama yangu. Ushauri wangu ni mfupi. Koo likikwaruza wiki tatu, acha mayai, njoo upimwe. Ukipewa dawa, zimalize. Na yule anayevuta pumzi yako, mwambie leo.

Kurasa za nyuma nimeziacha tupu, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ukishamwambia mtu wako, tafadhali niandikie hapo maneno uliyotumia, hata kama mwandiko wako ni kama wangu. Mimi nilipoteza siku kumi na mbili nikiyatafuta. Atakayeketi hapa baada yako pengine hana siku hizo.