Mafuta ya Udi kwa Mtoto wa Farasi

Kafuri ina harufu ya baridi. Ukiisaga na kuitia majini inapanda puani kama hewa ya friji iliyofunguliwa ghafla, na macho yanalowa hata kama ulikuwa hujalia. Mwezi uliopita nilisimama katika chumba cha kuoshea maiti, nyuma ya msikiti mmoja karibu na Euless, nimeshika bakuli la maji hayo. Aliyelala juu ya meza alikuwa Rahma. Wanawake wawili waliokuwa wakiniongoza kuosha walidhani nimesita kwa huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini kilichonisimamisha ni ile harufu. Mara ya kwanza kuivuta kwa nguvu namna ile nilikuwa na miaka kumi, ndani ya banda la farasi huko Missouri City, Texas, na Rahma alikuwa amesimama ubavuni mwangu akibeba kosa langu.

Sikusoma sana, wala si mtu wa maneno mengi. Lakini jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na nyinyi mnaosoma hamtanikatiza. Basi nitalisema lote, pamoja na pale panaponiaibisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa na duka dogo kando ya barabara, karibu na nyumba yetu, la mchele, unga, kadi za simu, na kabati moja la kioo alilopanga vipande vya udi na vichupa vya mafuta yake. Mama aliwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, akirudi miguu imemvimba. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, na mpaka nilipofika miaka tisa sikuwa nimewahi kugawana kitu na mtu. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mtaro, alikaa Mista Amos na farasi wake. Alikuwa mzee mweusi wa palepale Texas, mrefu, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani, na kazi yake ilikuwa kuzalisha farasi na kuwauza. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa duka kila jioni nikiwatazama wale farasi wakipunga mikia. Hakuna aliyewahi kuniita ndani ya uzio.

Halafu akaja Rahma. Mamake, mdogo wake Mama, alifariki Mombasa, na babake alikuwa hayupo tangu zamani. Alikuja na begi moja na bila Kiingereza hata cha kuombea maji. Tulipishana miezi minne tu. Nilipewa amri ya kumpenda, na nikajaribu kwa muda wa kama wiki mbili.

Tatizo lilikuwa kinywa chake. Rahma alisema Kiswahili kilichomfanya Mama aache sufuria jikoni aje kumsikiliza. Mimi nilikuwa nikisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, kama watoto wengi wa kule. "Msikize mwenzio," Mama akaniambia. "Msikize anavyosema. Wewe utadhani unatafuna mawe." Baba naye akacheka. Mwanzo Rahma alimwita Mama "Mama Mkubwa", kama ilivyo haki. Asubuhi moja, tuko kwenye chai na mahamri, akamwita "Mama" tu. Nikangoja asahihishwe. Mama akamwongeza hamri.

Tukawekwa darasa moja, la tano, kwa Miss Pruitt. Mwaka ule tulisoma habari za wakulima wa kwanza waliofika kwenye ardhi ile ya mtoni wakapanda pamba na miwa. Miss Pruitt akaandika ubaoni mambo matatu: biashara yao, farasi wao, na shule yao. Kila mtoto angeokota karatasi kutoka kwenye kofia, aende kuwauliza watu wazima wanaojua, kisha asimame mbele ya wazazi na kueleza. Mimi nilipata biashara. Rahma akafungua karatasi yake, akanionyesha, maana hakuweza kuisoma. Farasi.

Nilimwambia Miss Pruitt si haki, yeye hawezi hata kuuliza swali. Miss Pruitt akatabasamu. "Ndiyo maana utamsaidia, Zuhura," akasema. "Utakuwa mkalimani wake."

Ndivyo nilivyoingia ndani ya uzio wa Mista Amos: nyuma ya Rahma.

Jumamosi ya kwanza alituketisha juu ya marobota ya nyasi kavu, akatupa soda. Mimi aliniita Binti Duka. Akaeleza taratibu, akinipa nafasi ya kutafsiri. Duka la babako, akasema, limesimama palipokuwa na duka la wale wenye mashamba. Shule yenu iko walipojenga shule ya watoto wao. Na banda hili liko lilipokuwa banda lao. Baba wa babu yake alikuwa mtumwa wao, na ndiye aliyewatunza farasi. Aliwajua kwa vizazi saba, nani kazaa nani, yote kichwani, kwa sababu ilikuwa marufuku afundishwe kuandika. Shule ya watu wake ilikuja baada ya uhuru, kwenye mabenchi ya kanisa. Akatoa daftari nene lenye jalada la ngozi. Babu yake ndiye aliyelianza, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa. Kila mstari ulikuwa na mama, baba, siku ya kuzaliwa, na jina. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina la Ruby, farasi jike mwekundu aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mbele yake palikuwa wazi.

Nilimtafsiria Rahma hivi: "Anasema farasi ni wa zamani na usiguse daftari."

Rahma akanitazama. "Babu wa watu kasema mpaka soda imekwisha, nawe umeleta maneno mawili? Mengine umeyanywa?"

Nilicheka, kwa sababu alikuwa mcheshi, na hilo pia lilinikera.

Tulikwenda Jumamosi sita. Ruby alikuwa mwoga, hakupenda kuguswa. Rahma alisimama karibu naye akimsemesha Kiswahili kwa sauti ya chini, habari za kawaida tu, leo tumekula nini, mvua imenyesha. Jumamosi ya tatu Ruby akamwekea kichwa begani. Ya nne, Rahma akamsuka singa za shingoni mikia midogo midogo, kama alivyokuwa akisukwa na mamake. Mista Amos akavua kofia. "Mwambie ana mkono," akasema. "Mkono kama huo haufundishwi. Mwambie nimeona watatu tu maisha yangu yote."

"Anasema usimame mbali kidogo," nikamwambia Rahma.

Na Jumamosi ya sita alisema neno jingine. Alifungua daftari, akaweka kidole pale palipokuwa wazi, akaniangalia mimi lakini akimwelekea yeye. "Mwambie, mtoto wa Ruby akizaliwa, jina atampa yeye. Nitaliandika kama atakavyolisema."

Rahma akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema joto limezidi, turudi nyumbani."

Mtoto wa farasi alizaliwa alfajiri ya Jumamosi iliyofuata. Mista Amos alipiga simu nyumbani na kumtaka Rahma peke yake, kwa kuwa Ruby hangevumilia watu wawili. Mkalimani hakuhitajika. Nikaachwa dukani nikipanga makopo ya maziwa, nikitazama ng'ambo ya barabara mpaka shingo ikauma. Mwili wote ulikuwa ukiniwaka. Sijui neno lililo sahihi zaidi.

Saa saba mchana Rahma alirudi kula, nyasi kichwani, akieleza kwa mikono miwili jinsi kile kitoto kilivyosimama, kikaanguka, kikasimama tena. Mama alikuwa ameshika shavu, akisema mashallah, mashallah. Mimi nilikuwa nimekumbuka jambo. Mista Amos alisema farasi na mwanawe wanajuana kwanza kwa pua. Na nyumbani kwetu mtoto akizaliwa hupakwa udi. Mama alikuwa akinisimulia jinsi alivyonipaka mimi siku ya arubaini, nikanukia nyumba nzima, mpaka wageni wakinipokea hawataki kunirudisha. Nikaona njia. Nitampaka harufu yangu, naye atakuwa wangu.

Nilichukua kichupa cha bei ya juu kabatini, nikavuka barabara. Mista Amos alikuwa nyumbani kwake akipumzika. Ruby alikuwa mwisho wa chumba chake akila kwenye hori. Mtoto alikuwa amelala kando ya mbao, mwekundu kama mamake, bado ana unyevu masikioni. Nikapitisha mkono katikati ya mbao nikampaka paji la uso, shingo, mgongo, hadi kwenye mkia. Nilimpaka kwa upole. Nilikuwa na nia mbaya, lakini mkono ulikuwa wa upole, na nakumbuka moyo wake ukipiga chini ya kiganja changu kama saa ndogo.

Aliamka akaenda kunyonya. Ruby akamnusa mkia. Masikio yakalala nyuma. Akamnusa tena, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama, akamng'ata na kumtupa ukutani kwa teke.

Nilikimbia. Sikwenda kumwita mtu. Nilijificha nyuma ya marobota, na Mista Amos alitoka mwenyewe kwa zile kelele, na Rahma akavuka barabara mbio huku bado ana wali mkononi. Ndipo nikajitokeza kama niliyekuja naye.

Mtoto alikuwa hai, akitetemeka, akirudi kwa mamake na kufukuzwa, akirudi tena. Mista Amos alimbeba akamtoa nje. Akamnusa mgongo. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni harufu ya dukani kwenu," akaniambia. "Hakuna aliyeingia humu leo ila yeye. Muulize amempaka nini."

Nikageuka kwa Rahma. Ilikuwa zamu yangu kusema, na sikuwa na uongo tayari. "Anauliza umempaka nini."

Rahma aliushika mkono wangu wa kulia, akauinua kidogo kuelekea usoni mwake, kama mtu anayetaka kuona saa, kisha akauachia.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mwambie kwetu watoto hupakwa. Sikujua."

Nikatafsiri neno kwa neno. Ndiyo tafsiri ya kwanza niliyoifanya kikamilifu.

Mista Amos hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kabati la dawa akatoa kikopo cha dawa ya kuchua kifua, ile ambayo Mama alitupaka tukiwa na mafua. Ina kafuri ndani, nilikuja kusoma kwenye kikopo nikiwa mkubwa. Akamwosha mtoto kwa sabuni, akamkausha, akampaka dawa ile mwilini, kisha akaipaka ndani ya pua za Ruby ili asiweze kunusa kingine. Banda zima likanuka baridi. Tulisimama tukitoka machozi kwa ule mvuke, Rahma ubavuni mwangu. Jua lilikuwa limeteremka nyuma ya tangi la maji la mji Ruby alipomruhusu anyonye.

"Mwambie nimemwelewa," Mista Amos akasema. "Lakini asiingie tena humu mpaka mtoto aache ziwa." Kisha akanitazama mimi, kwa kuwa alihitaji mikono ya kumshika mtoto, na kwa kuwa alidhani sina kosa. "Wewe, Binti Duka, utanisaidia. Na jina utatoa wewe."

Nilipata nilichotaka. Nikamwita Champion, jina nililoliona kwenye fulana. Likaandikwa kwenye daftari, nalo liko huko hadi leo kama daftari lipo. Siku ya wazazi Rahma alisimama na picha aliyoichora mwenyewe, akasema sentensi tano za Kiingereza alizokariri, na watu wakampigia makofi. Yule mtoto wa farasi alinivumilia. Lakini Rahma alipopita nje ya uzio akienda dukani, akisema na mtu yeyote, Champion alikimbia mpaka kwenye waya, akasimama masikio juu.

Baada ya siku ile Rahma aliacha kumwita Mama "Mama". Alirudi kwenye "Mama Mkubwa" kwa miezi mingi. Mimi nililiona, na nitawaambia kweli, nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Miaka mingi baadaye, akiwa ameolewa na anafanya kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, niliendesha gari kutoka Houston kwenda kumwona Euless. Tulikaa kwenye ngazi za nje za nyumba yake, ndege zikipita juu ya vichwa vyetu kila dakika mbili, na nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

Akacheka. "Mkono wako ulinuka mpaka barabarani, Zu." Akangoja ndege ipite. "Wewe ungekemewa, ukalia, jioni ukala. Lakini ningekutaja, Mama angelazimika kuchagua. Nilikuwa nimetoka kumwona Ruby anavyofanya akinusa kitu kigeni."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na ndipo nilipoelewa kile nilichokitazama mle bandani. Mimi nilimwona farasi akimkataa mwanawe. Yeye alikuwa na miaka kumi, hana mama, na aliona anayoweza kufanyiwa. Na kumbe mimi na yeye tulinuka sawa. Mafuta yale, nguo zake na zangu, shuka zetu, vyote vilikuwa vya nyumba moja. Sikulifikiria hilo hata kidogo nilipopitisha mkono kwenye mbao.

Siku ile kwenye ngazi ningeweza kumwambia yaliyobaki. Sikumwambia. Wivu wa utotoni ulikuwa umekwisha, lakini aibu yake ilikuwa haijaisha, nikasema tutakutana tena. Tulikutana mara nyingi. Hata alipolazwa mara ya mwisho nilizungumza habari za chakula na watoto.

Basi mwezi uliopita nilimsuka nywele mikia mitatu, kama nilivyoelekezwa. Ulipofika muosho wa mwisho, wa maji ya kafuri, niliinama sikioni mwake. Nikamwambia kwa Kiswahili, kile nilichojifunza kwake: "Mista Amos alisema una mkono ambao haufundishwi. Na alisema jina la yule mtoto umpe wewe."

Wale wanawake wawili wakasema amina, wakidhani naomba dua. Nikangoja kidogo pale juu yake, maana sikuwahi kumwuliza angemwita nani. Kisha nikamimina maji.