Kisutu Alichozalia Paka

Kwetu tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi kwa mabaya. Basi mimi nitasema kweli tu, na atakayeiona mbaya ni shauri yake.

Niliolewa miaka ya vita nikapelekwa nyumbani kwa mavyaa wangu, mama wa mume, Mji wa Kale, kichochoro cha nyuma ya Ngome. Siku hizo Ngome ilikuwa jela. Kila nilipopita chini ya kuta zake nimejifunika buibui, niliwaza kwamba waliofungwa mle wamenishinda bahati, maana wao wana siku yao ya kutoka. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Huko, nasikia, alikuwa msemaji. Nyumbani, mbele ya mamake, alikula akitazama sahani.

Jiko lilikuwa la mavyaa. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, kutwanga, na kupuliza makaa ya seredani mpaka macho yakawiva. Kutia chumvi ilikuwa haki yake. Nikikanda mahamri, huja akayakanda tena, hata yakiwa yameshaumuka, asije mtu akasema ni mkono wangu. Yakitoka laini, yeye ndiye mpishi. Yakitoka magumu kwa sababu ya kukandwa mara mbili, huwaambia wageni, "Ni mkaza mwana huyo. Kwao hawakumfunza." Sisemi sikumpenda. Nilimchukia, na nikiamka alfajiri nilikuta chuki imeshaamka kabla yangu.

Pahali pangu palikuwa juu ya dari tu, kwenye paa la wazi, ambako magoti yake hayakumfikisha ila kwa nadra. Nilipanga madebe makuukuu nikayajaza udongo na samadi, nikapanda mrehani, mnanaa, dania, pilipili na mchicha. Mchele ulikuwa wa kupimiwa na unga ulikuwa na wadudu, lakini mchicha wangu haukujua vita. Huko juu nilikuwa pia na paka, jike jeupe lenye baka jeusi kwenye jicho la kushoto. Nilimlea kwa vichwa vya samaki tangu hajajua kupanda ngazi. Nikipalilia, yeye hulala kwenye udongo niliokwisha kulainisha, akaniharibia dania. Kwake yeye nilisamehe.

Mavyaa naye alikuwa na mfarishi wake. Kwa wasioujua, ni blanketi nene la viraka vya nguo kuukuu, lenye sufi ndani, lililoshonwa kwa mishono midogo midogo. Alianza kuushona alipokuwa mwari na hakuumaliza, kwa kuwa hakutaka uishe. Kila mwanamke aliyeingia nyumba ile kwa ndoa alitoa kisutu chake kikakatwa vipande kikatiwa humo. Cha mama mkwe wake kimo. Chake mwenyewe kimo, katikati. Vya wake wa shemeji zake vimo. Kisutu ndiyo leso ya harusi, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe. Kwetu bi harusi hufunikwa kisutu siku bwana anapoingia, na asiye nacho huwa kama aliyeokotwa njiani. Kwa nini mtu akusanye visutu vya wenzake na kuvitia mkasi, mimi nilielewa siku ya kwanza: hakutaka mwanamke yeyote mle ndani abaki na kitu kizima.

Kisutu changu kilikuwa cha mamangu. Alikivaa yeye, akanivika mimi, akafa kabla mwaka haujapinduka. Hakuniachia kingine.

"Kilete," mavyaa akaniambia, mkasi uko pajani. "Hini ndiyo ada ya nyumba."

"Nimekiosha, mama. Bado kibichi."

Kesho yake kikawa bado kibichi. Kesho kutwa nikasema nimekisahau kwa shangazi. Alipoanza kupekua kasha langu nikiwa kisimani, nilikikunja nikakiweka juu ya dari, ndani ya kikapu nyuma ya madebe ya mrehani, nikakifunika gunia.

Paka wangu alikuwa na mimba na alikuwa na akili kuliko mimi. Katika nyumba nzima hakuona pahali pazuri pa kuzalia ila hapo.

Siku hiyo mavyaa alitaka pilipili nami nimeshika mchi. Alipanda mwenyewe, kila hatua na dua yake. Mara nikasikia sauti yake. Nilipofika juu alikuwa ameshika gunia kwa ncha za vidole, na paka yumo kikapuni analamba wanawe juu ya kisutu cha mamangu, damu na maji ya uzazi yametapakaa.

Yapasa mjue kwamba mavyaa alikuwa na wasiwasi wa najisi. Kuku akipita ukumbini, sakafu huoshwa. Mtoto wa jirani akikojoa ngazini, hasemezani na mamake mwaka mzima. Ndivyo alivyogombana na kichochoro chote.

"Najisi," akasema. "Kitu hiki hakiingii katika mfarishi wangu. Kitupe. Nisikione tena."

"Ndio, mama," nikasema, na moyoni nikamshukuru Mungu na paka. Nilikiosha kisutu kwa maji matupu, kisha kwa sabuni, kikarudia rangi yake. Nikakivaa ndani ya nguo zangu, tumboni, mchana na usiku.

Lakini furaha yangu aliiona usoni. Siku ya pili nilipopanda na vichwa vya samaki, kikapu kilikuwa kitupu. Nilimkuta barazani anashona.

"Paka wako nimempa hamali amchukue kwa gunia," akasema bila kuinua kichwa. "Yuko Mwembe Tayari na wanawe. Huko kuna hoteli, hatakufa na njaa."

Mwenye kuzaa juzi, na watoto ambao hawajafungua macho. Nilikwenda kwa miguu, nikauliza wauza ndizi na mautingo wa mabasi ya bara, wakanicheka. Nilirudi nikapika, na chakula kile sikukionja.

Haukupita muda wifi yangu, binti yake mavyaa, akaposwa. Bwana harusi alikuwa baharia, na chombo kilikuwa kinamngoja, kwa hiyo harusi ikafanywa ya haraka. Nyumba ikajaa vijungu na harufu ya ubani. Ndipo mavyaa akatuma watu madukani kutafuta kisutu. Wahindi wa leso walifungua mikono mitupu: vitambaa haviji, vita. Kuazima kwa majirani hakuweza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwitikia salamu. Na visutu vyote vya nyumba ile, vya vizazi, alikuwa amevikata kwa mkono wake.

Akaja jikoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mwanangu," akaniita. Alikuwa hajapata kuniita hivyo. "Kile kisutu chako unacho?"

"Kina najisi, mama."

"Najisi huoshwa ikatoka."

"Na siku ile hukuyajua hayo?"

Nilikuwa nakuna nazi, na sikuinuka juu ya mbuzi.

"Nirudishie paka wangu," nikasema. "Ukimleta yeye na wanawe, nitakupa."

Alivaa buibui akatoka, yeye ambaye hata msiba ulikuwa haumtoi. Alirudi jua limeshazama, viatu vimejaa vumbi, na kapu mkononi. Ndani yake mlikuwa na paka mweupe mwenye baka jeusi. Baka lilikuwa kwenye jicho la kulia, na paka mwenyewe alikuwa dume, dume kubwa, masikio yameraruliwa kwa ugomvi.

"Huyu hapa," akasema.

Nilimwinua mkia nikamwonyesha. Alikwenda zake ukumbini, akautandaza mfarishi, akaanza kufumua. Alianza na kile cha katikati, chake mwenyewe. Nilimwona kutoka jikoni akivuta nyuzi kwa meno, machozi yakimtoka, akitafuta kipande kilichofuatana na kipande. Wifi yangu alifunikwa kisutu cha viraka, na wanawake wa kichochoro, waliokuja kwa ajili ya kuangalia, waliangalia mpaka wakashiba. Kisutu cha mamangu nilikuwa nimekivaa tumboni wakati wote nikipakua pilau.

Wifi hakunikosea kitu. Najua. Watu wanaosikia kisa hiki hungoja niseme kwamba najuta. Paka wangu naye hakumkosea mtu.

Mavyaa hakuuziba mfarishi tena. Alipokufa niliurithi mimi, na matundu yake. Kisutu cha mamangu wameshafunikwa binti zangu wawili, na ni kizima hadi leo. Ule mfarishi uko juu ya dari, nyuma ya madebe ya mrehani. Paka wangu wa sasa huzalia humo.