Maharagwe Tumboni pa Baba Ineza

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kuzinunua Gatumba, nikaingia nyumbani kwetu Nyakabiga na kukuta kijana nisiyemjua amepiga magoti kando ya mume wangu. Baba Ineza alikuwa amelala chali mkekani, na juu ya tumbo lake, mfuko wa maharagwe! Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hilo sikulitegemea. Mtu ambaye kuvaa shati tu kunamkata pumzi, unamtwika mzigo tumboni? Niliunyakua ule mfuko kwa nguvu, na maharagwe yangu ya jioni yakatapakaa chumba kizima.

"Mama, apana!" kijana akaruka. "Mi niko kine. Binti yenu Ineza ndiye aliniita."

Kine ni mtu wa kunyoosha viungo, hilo nililijua. Lakini tangu lini pumzi ikanyooshwa? Akanieleza kwamba mapafu ya mume wangu, yaliyochakazwa na moshi wa tanuri la mikate alikofanya kazi, hayatakuwa mapya tena. Ila misuli ya kuvutia pumzi imelegea kwa kukosa kazi. Avute kwa pua hadi mfuko uinuke, kisha apulize taratibu kama anayepoza uji.

"Mutu mugonjwa anapumuzika!" nikamfokea. "Wakwe wanakuja na mahari ya Ineza. Munataka baba yake asiione iyo siku?"

Hapo Baba Ineza akainua mkono. "Mama Ineza, we ndiyo..."

"Mi ndiyo ninakutunza," nikammalizia. Ndivyo nilivyozoea, ili asichoke.

Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi. "We ndiyo unaniua. Unanivalisha. Unanilisha. Ata maneno yangu, unayasema we. Siku ya Ineza, mi nataka kusema mwenyewe."

Nilikaa chini kama niliyepigwa kofi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiitwa na mtaa mzima kuwasemea watu kwenye mahari, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya ulimi, tena kwa mapenzi! Nikaokota maharagwe, nikaurudisha mfuko tumboni kwa mikono yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nusura nimtimue mgeni wetu.

Ikawa kazi ya kila siku. Kuna siku alikasirika, kuna siku mfuko haukuinuka kabisa. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya mahari alisimama, ameshika kiti. "Binti yetu," akasema, kisha kimya. Wageni wakatazama chini. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, mwanangu, nikauma ulimi. Akapuliza polepole. Akavuta. "Hatumuuzi. Tunawapa mutoto." Sauti ile nilikuwa nimeisahau.

Basi mgonjwa wako mtafutie mjuzi. Msaidie lile linalomshinda, na lile analoliweza mwachie, hata likimchelewesha. Akinyamaza katikati ya neno, usimmalizie. Hajamaliza, anavuta pumzi.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na ikipungua, akupe watu wa kukusubiri.