Moto Usioonekana Mchana

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ni fundi mkuu wa kituo cha umeme wa jua. Mchana umeme ukizidi mahitaji, ule wa ziada hutumika kutengeneza mafuta, ukahifadhiwa humo. Wamejaribu aina tatu. Haidrojeni wameipa jina Mtoro, maana hupenya hata pale palipozibwa. Amonia ni Mama Mkwe: unamnusa kabla hajabisha hodi, na akikasirika mnahama nyumba. Methanoli ni Mpole. Hukaa kwenye tangi la kawaida bila fujo. Ila moto wake mchana hauonekani, kwa hiyo anayekwenda kukagua hutanguliza ufagio mbele yake. Ufagio ukishika moto, anarudi nyuma.

Kaka, aliyefanya kazi kituo hicho hicho, siku ile ya ajali alikwenda kukagua mikono mitupu, bila ufagio. Alikuwa na haraka, na haraka haina baraka, ila hiyo si methali ya kumwambia maiti. Tangu tumzike, wifi hajatoa chozi. Anapika, anafua, anakwenda kazini. Ukimpa pole anajibu asante kama mtu aliyerudishiwa chenji. Mimi nilimchukia kidogo, nisiseme uongo.

Sasa kituo kinataka kubaki na mafuta ya aina moja, na uamuzi akaachiwa yeye. Mkurugenzi alimwambia wazi kwamba akiikataa methanoli hakuna atakayemuuliza sababu. Mama yangu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alishawatangazia majirani kwamba tangi lile litang'olewa, mwanawe apumzike.

Jioni wifi alirudi, akavua viatu, akaketi mbele ya mama. Akasema amechagua methanoli.

"Iliyomuua mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Alieleza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Haidrojeni inataka matangi mazito ambayo kituo hakina. Amonia ikivuja, upepo utaileta kwenye nyumba za watu. Upepo wa kule unaelekea kwetu, na mama ana pumu. Wifi hakulitaja hilo.

 Mama akauliza ni nani atakayekuwa akilikagua tangi.

"Mimi," wifi alisema. "Nimeiomba zamu hiyo mwenyewe."

Hasira yangu ikaniishia palepale, nikaogopa asije naye akafia kwenye tangi lile. Mama alimshika mkono, hakuuachia hata nilipowaita kula.