Namba Nilizozifuta

Baba alifundisha hesabu maisha yake yote. Alipostaafu hapa Chanji alibaki na mchezo mmoja wa namba, ambao mimi na kaka yangu tulikua nao. Unaanza na 1. Kisha kila mara unaandika namba ndogo kuliko zote ambazo hujaziandika bado, mradi iwe na tarakimu iliyomo kwenye namba iliyotangulia. Kwa hiyo 1 inafuatwa na 10, halafu 11, halafu 12, na hapo ndipo 2 inapata nafasi. Baba alisisitiza kwamba hata zikivurugwa hivyo, hakuna itakayoachwa nje. Nililipenda sana hilo.

Kaka anaishi Matai. Alianza kusema kwamba baba anasahau, kwamba inafaa ahamie kwake. Nilikasirika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea baba unga wa ulezi kila wiki, yeye kutwa yuko kwenye simu anatoa maoni. Nikamwambia aje Jumapili baada ya misa, alione mwenyewe daftari ambamo baba huandika namba hizo.

Jumamosi nililifungua kwanza mimi. Mpaka 17 lilikuwa sawa. Baada yake ilitakiwa 7, lakini baba alikuwa ameandika 18, 19, 20, 21, hadi mwisho wa ukurasa, wakati 20 na 21 zilishaandikwa pale juu. Alikuwa anahesabu tu, kama mtoto wa chekechea. Nikachukua kifutio, nikafuta, nikaandika 7, 27, 28, 8 na kuendelea kwa penseli yake, nikiiga mwandiko wake.

Kaka alipokuja aliufuata ukurasa mzima kwa kidole, akasema mzee yuko vizuri, akaniomba radhi. Akaondoka mapema kuwahi gari.

Baba akalivuta daftari, akalitazama muda mrefu.

“Umefuta wewe, mama?”

Nikakubali.

“Niliona nimekosea, nikaliacha hivyo makusudi ili kaka yako aone. Wiki hii nimesahau moto jikoni mara mbili. Naogopa kukaa humu peke yangu, na kumwambia mwanangu nimeshindwa.”

Nikampigia kaka. Hakupatikana. Nikakaa kando ya baba nikiona aibu hata kumtazama, maana hakuwahi kuniomba nimtetee abaki Chanji. Mimi ndiye niliyetaka abaki.